Biti ya Ukuta, Chuma, Mbao na Vigae: Jua Tofauti Kabla Hujatoboa

Drili inapiga kelele, moshi unatoka, lakini tundu haliendi mbele. Wengi hapo huongeza nguvu. Mara nyingi tatizo si nguvu wala mashine, tatizo ni biti.

Nyumba moja tu ya Chukwani inaweza kuwa na matofali ya saruji, nguzo za zege, grili za chuma, madirisha ya alumini, vigae vya chooni na milango ya mbao. Hakuna biti moja inayoweza vyote hivyo vizuri. Kabla ya kununua, angalia ncha yake.

1. Biti ya ukuta na zege
Nchani ina kipande cha madini magumu kilichoungwa, kipana kidogo kuliko mwili wa biti. Kwenye tofali la saruji na zege, weka drili kwenye alama ya nyundo. Ivute nje mara kwa mara ili vumbi litoke.

Ikigoma ghafla ndani ya nguzo au lenta, huenda umegonga nondo. Usilazimishe, sogeza tundu pembeni.

Kuta za zamani za Mji Mkongwe ni habari nyingine. Zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, laini na zinamomonyoka. Zima nyundo, anza na biti nyembamba, nenda taratibu. Na kwa vile mji huo uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, ulizia Mamlaka ya Hifadhi kwanza kabla ya kugusa ukuta wa nje.

2. Biti ya chuma
Ni chuma kimoja mwili mzima, ncha kali, na nyingi zina maandishi HSS. Hapa nyundo huzimwa kabisa. Kwa tundu la mm 10, anza na biti ya mm 3 au 4, kisha panua. Tia tone la oili ili biti isiungue.

Kumbuka: biti ikiwa nene, mwendo uwe mdogo. Chuma kisichoshika kutu kinataka mwendo mdogo na mkono mzito. Ukizungusha kasi bila kukata, kinazidi kuwa kigumu. Kwa kazi hiyo tafuta biti yenye kobalti.

Biti hii hutoboa alumini na mbao pia, ila ukiipeleka ukutani imekwisha makali hapo hapo.

3. Biti ya mbao
Katikati ina kincha kirefu kama msumari, kinachoizuia isiteleze. Mafundi wa zamani wa pwani walifanya kazi hii kwa keekee, wakiizungusha kwa uta. Leo ni umeme, lakini busara ni ile ile: usiharakishe. Bana kipande cha mbao chakavu upande wa nyuma ili tundu lisipasuke likitokea.

Ukitoboa mvule vaa barakoa, vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

4. Biti ya vigae na kioo
Ncha yake ni kama mkuki. Bandika selotepu mahali pa tundu ili biti isiteleze, zima nyundo, nenda polepole huku ukitia maji kidogo kidogo. Maji yasifike kwenye mashine. Vigae vigumu sana vya porseleni vinahitaji biti ya almasi. Kigae kikishapita, badilisha uweke biti ya ukuta.

Fisha na skurubu
Fisha, kile kiplastiki kinachotangulia skurubu, lazima ilingane na biti. Fisha ya mm 6 inataka biti ya mm 6 na skurubu ya mm 4 hadi 5. Fisha ya mm 8 inataka biti ya mm 8. Tundu likizidi, fisha inacheza, na siku moja TV au kabati la jikoni linakuja chini, pengine mtoto yuko pale pale.

Usalama kwanza
Usitoboe juu, chini wala usawa mmoja na swichi au soketi, maana waya mara nyingi hupita hapo ndani ya ukuta. Hata usiotumika leo unaweza kuua. Kama huna uhakika, muulize fundi umeme aliyefunga waya. Chooni na jikoni fikiria mabomba pia. Vaa miwani ya kazi, na usivae glavu za kitambaa, zinaweza kunaswa na biti.

Ukimaliza, futa biti kwa kitambaa chenye oili. Hewa ya bahari Unguja haina huruma, na biti ya chuma ikilala na unyevu itashika kutu kabla hujaitumia tena.