Uchanganuzi wa Mtetemo

Mtetemo, katika elimu ya mitambo, ni mwendo mdogo wa kwenda na kurudi kwa upesi, ambao shafti izungukayo huuambukiza mwili wa mashine kwa njia ya beringi zake. Na uchanganuzi wa mtetemo ni maarifa ya kuupambanua mwendo huo sehemu kwa sehemu, hata ila iliyofichika ndani ya chuma ibainike kabla chuma hakijavunjika. Tungaliweza kusema mtikisiko, lakini kitikisikacho aghalabu kimetikiswa na mkono wa nje, na tetemeko tumekwisha kuliachia ardhi; bali kutetema ni kwa mwenye homa, ambaye hakuna amgusaye, na sababu ya kutetema kwake imo mwilini mwake. Wapo wapendao kusema upimaji badala ya uchanganuzi, nami siafikiani nao, maana kupima huleta hesabu tu, ilhali fundi mwenye hesabu asiyoijua asili yake hawezi kuamua afungue wapi.

Tuitazame korona, mashine ya kuchakata mkonge katika viwanda vya Korogwe, kama vile Hale, Magoma, Ngombezi na Magunga, ambayo ngoma zake zenye visu hulipiga jani hata nyama yake ikatoka na singa zikabaki. Visu vya upande mmoja vikilika kuliko vingine, au makapi yakigandamana mahali pamoja, uzito wa ngoma hausawaziki tena, na upande ulio mzito huvuta nje mara moja katika kila mzunguko. Mota iendayo mizunguko 1500 kwa dakika, ikiwa na ila ya namna hii, hutetema mara 25 kwa sekunde. Shafti mbili zilizounganishwa bila kunyoshwa barabara aghalabu hutetema mara mbili kwa kila mzunguko, tena kwa urefu wa shafti, si kwa ubavu peke yake. Na beringi ambayo njia ya gololi zake imechimbika hutoa mapigo madogo ya haraka, yasiyolingana na mizunguko kamili, kwa kuwa hufuata idadi na ukubwa wa gololi zenyewe.

Hayo hayafundishiki kwa ubao mtupu. Kwa rai yangu, mafunzo ya vitendo yangeanzia mashine ya kusaga mahindi kwa nyundo, ambayo haikosekani Handeni, toka Chanika hata Mkata na Kabuku, kwa sababu ni ndogo, na ila yake yaweza kutiwa kwa makusudi na kuondolewa saa ile ile. Mwalimu akate umeme, afungue kifuniko, atoe nyundo moja iliyolika kidogo na kutia mpya, bila kuibadili ile iliyo mkabala nayo. Kisha afunge, aiwashe tupu, na mwanafunzi aweke kipimo cha mtetemo juu ya nyumba ya beringi, kwanza kwa ubavu, kisha kwa wima, kisha kwa urefu wa shafti, aone pigo la mara moja kwa mzunguko lilivyopanda. Nyundo ya pili ikiisha kubadilishwa, pigo hilo hushuka. Kiganja cha fundi mzee kisidharauliwe, kwani hutambua joto na ukali wa mtetemo mapema. Lakini hakuna kiganja kiwezacho kutenga mapigo 25 na 50 ya sekunde moja yaliyochanganyika.

Maarifa haya yanahitajika zaidi pale ambapo mashine haifunguliki kwa kubahatisha, mathalan katika kituo cha umeme wa maji cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964 kwa mitambo miwili yenye jumla ya megawati 21. Huko, na hata kwenye korona, kipimo cha kwanza sharti kichukuliwe mashine ikiwa nzima, kiandikwe daftarini kwa milimita kwa sekunde, pamoja na tarehe, kasi, mzigo na upande uliopimwa. Na safu za daftari hilo ziitwe ubavu, wima na urefu wa shafti, ili fundi wa zamu ya usiku azijaze bila kungoja mkalimani.