Meza Iliyofukuzwa Jikoni Ikarudi

Nyumba mpya za Dar es Salaam na Nairobi hazikosi siku hizi ile kaunta kubwa ya katikati ya jiko, wanayoiita kisiwa. Watu huiona ya kisasa. Kwa kweli ni meza ya zamani iliyowahi kufukuzwa.

Walioifukuza ni wahesabu hatua. Mwaka 1913 Mmarekani Christine Frederick alichapisha kitabu kilichofuatilia nyendo za mama jikoni, toka kabatini hadi motoni hadi kwenye sinki, na kuonyesha jinsi mpangilio wa ovyo unavyomchosha bure. Kitabu kikatafsiriwa kwa Kijerumani, kikamfikia Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Vienna. Mwaka 1926, akifanya kazi Frankfurt chini ya msanifu mwenzake Ernst May, alibuni jiko la mita 1.9 kwa 3.4, akiiga majiko membamba ya mabehewa ya chakula ya treni. Meza ya kati haikuwa na nafasi: kila kitu kiliegemea ukuta, na mpishi alikalia kiti cha kuzunguka. Unga ulitunzwa kwenye droo za mti wa mwaloni ili usishikwe na wadudu. Makabati yalipakwa buluu kwa imani kwamba nzi huikwepa rangi hiyo. Majiko kama 10,000 yakajengwa. Naye bibi huyo alisema baadaye kwamba kabla ya kulibuni hakuwa amewahi kupika!

Hatua zilipungua kweli, ila upweke uliongezeka. Lilikuwa jiko la mtu mmoja. Shoga akija kupiga soga alibaki mlangoni.

  

Marekani nako ukuta wa jiko ulianza kulegea. Msanifu Frank Lloyd Wright, katika nyumba ya familia ya Willey aliyoijenga Minneapolis mwaka 1934, aliliacha jiko litazamane na sebule. Baada ya vita kuu ya pili wengi walimfuata, na ukuta ulipoondoka, makabati yaliyouegemea yakahitaji pa kusimama. Ndipo meza ikarudi katikati, safari hii ikiwa na droo, pengine na sinki.

Wasiwasi wangu ni kwa wanaoibana kwenye jiko dogo. Kisiwa kinadai njia ya karibu mita moja kila upande. Ikikosekana, mpishi huzunguka na sufuria ya moto mkononi, na zile hatua za Frederick zinarudi zote. Kwa jiko la namna hiyo jibu lilipatikana mwaka 1929, pale mhesabu hatua mwingine, Lillian Gilbreth, alipobuni jiko kwa kampuni ya gesi ya Brooklyn na kuweka ndani yake kimeza cha magurudumu. Ukimaliza kukatakata, unakisukuma pembeni.