Haki ya masasisho ya programu

Sasisho la programu (wingi: masasisho) ni badiliko linalotolewa na mtengenezaji baada ya programu ya kompyuta au simu kuuzwa. Hurekebisha hitilafu, huziba mwanya wa usalama au huongeza uwezo mpya. Haki ya masasisho ni suala la kama mnunuzi anastahili kuyapata bila malipo, na kwa muda gani.

Kasoro na uwezo mpya

Watetezi wa wanunuzi husema hitilafu ni kasoro iliyokuwemo tangu siku ya mauzo. Mkulima wa Kibosho akinunua bomba la kunyunyizia kahawa dawa, kisha likavuja siku ya kwanza, hulirudisha dukani Moshi na kutarajia kubadilishiwa. Uwezo mpya ni jambo jingine, kwani hakuulipia. Watengenezaji hujibu kwamba hakuna programu kubwa isiyo na hitilafu, na kwamba mafundi hulipwa kila mwezi ilhali mnunuzi alilipa mara moja. Mambo haya mawili hutenganishwa kwa urahisi zaidi kwenye maandishi kuliko sokoni: mara nyingi hitilafu ya toleo la zamani husahihishwa katika toleo jipya tu, ambalo linauzwa.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) inataka bidhaa ifae kwa kazi iliyokusudiwa. Inafuata mfano wa sheria ya Uingereza ya zama za kabla ya kompyuta, hivyo swali la kwanza ni kama programu ni bidhaa. Swali hilo liligusiwa Uingereza katika kesi ya halmashauri ya St Albans dhidi ya kampuni ya ICL (1996). Programu ya kodi ya kichwa ilikosea idadi ya watu, na halmashauri ikapanga kodi ya chini mno. ICL ilitegemea kipengele cha mkataba kilichoweka ukomo wa fidia wa pauni 100,000, lakini mahakama haikukikubali. Jaji Iain Glidewell alieleza kwamba diski ni bidhaa, ila programu yenyewe siyo. Kwa hoja hiyo, anayepakua programu kwenye intaneti ana kinga ndogo kuliko aliyenunua diski.

Umoja wa Ulaya uliondoa utata huo kwa Agizo 2019/770, linalotumika tangu 1 Januari 2022. Linamtaka muuzaji atoe masasisho, yakiwemo ya usalama.

Mwisho wa msaada

Microsoft iliacha kuhudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, lakini virusi vya WannaCry viliposambaa Mei 2017 ilitoa kiraka chake bure. Huduma ya Windows 10 ilikoma 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama bila malipo; wa kwingineko, Tanzania ikiwemo, walitakiwa kulipa dola 30 au kutimiza masharti mengine. Programu ilikuwa ileile. Aliyenunua kompyuta ya mtumba Moshi mjini hulipia pia bando la kupakulia, hata sasisho likiwa la bure.

Programu huria

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Leseni yake iliruhusu yeyote kurekebisha hitilafu, lakini haikumlazimu mtu kufanya hivyo. OpenOffice.org ilikoma mwaka 2011, na kazi yake ikaendelezwa na LibreOffice pamoja na Apache OpenOffice.