Muruatetu Yangu Imekataliwa

Sisi wakalimani wa Mahakama Kuu tuliiogopa kazi moja tu. Katika kesi ya mauaji, jaji akishamtia mtu hatiani humuuliza ana lipi la kusema. Mtu anataja watoto wake, maradhi, mama mzee aliyemwacha kijijini. Mimi nafasiri, jaji anaandika. Halafu yote yale yanabaki kwenye karatasi, maana kifungu cha 204 cha sheria ya adhabu kilitaja malipo mamoja: kifo. Jaji alitamka kwa Kiingereza. Aliyemgeukia mtu kizimbani na kumwambia atanyongwa ni mimi.

Na kitanzi chenyewe kilishalala zamani. Kenya ilinyonga mara ya mwisho mwaka 1987, Hezekiah Ochuka wa mapinduzi yaliyoshindwa ya 1982 akiwa miongoni mwa walionyongwa. Wafungwa waliohukumiwa kifo wakarundikana, hata Agosti 2009 Rais Kibaki akawabadilishia zaidi ya 4,000 kati yao adhabu iwe kifungo cha maisha. Mwaka huohuo Uganda, kesi ya Susan Kigula na wenzake ilimaliza ulazima wa kifo. Kwetu Mahakama ya Rufaa ikafuata Julai 2010, ilipoketi Mombasa katika kesi ya Mutiso. Tulishangilia mapema. Mwaka 2013 mahakama ileile, safari hii Nairobi, iliyapangua maneno yake yenyewe katika kesi ya Mwaura.

Ndipo Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ikaamua ombi la Francis Muruatetu na mwenzake: ulazima wa kifo ni kinyume cha Katiba, jaji lazima asikilize kwanza. Magerezani jina la mtu likawa jina la ombi la kupangiwa adhabu upya. "Nimepeleka Muruatetu yangu," wafungwa walikuwa wakiniambia koridoni, pingu mkononi, karatasi za fulskepu zilizoandikwa na mfungwa mwenzao zikiwa zimekunjwa mfukoni.

Wengi hawakuelewa, na mawakili wengine hawakujali kuwaeleza, kwamba kifo hakikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima wake. Siku ya kusikilizwa, jaji alipima umri wa mtu, kama ni kosa la kwanza, majuto yake, kama amebadilika. Palisomwa ripoti ya afisa wa probesheni. Jamaa za marehemu nao walikuwa na nafasi. Namkumbuka mama mmoja aliyekaa benchi la mbele na leso yake begani. Aliuliza kwa nini faili ya mwanawe inafunguliwa tena ilhali yeye hajafunguliwa kitu. Siku ile ombi lilikataliwa, na sikuona kosa la jaji.

Dhuluma niliyoiona ni nyingine. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu nao walikuwa wakileta maombi, na mahakama kadhaa ziliwapunguzia. Julai 6, 2021 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Maneno hayo yalichelewa zaidi ya miaka mitatu, na waliolipia ucheleweshaji ule ni watu walio ndani.

Aliyekataliwa hukata rufaa, na hapo ndipo wengi huanguka. Wanamwomba jaji wa rufaa huruma upya, kana kwamba yule wa kwanza hakuwepo. Lakini kanuni inayotumika ni ya zamani kuliko Jamhuri. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliieleza mwaka 1954 katika kesi ya Ogola bin Owuora: adhabu ni hiari ya jaji aliyesikiliza kesi, haiguswi ila kama alifuata msingi mbovu, aliacha jambo la maana, au adhabu imepita kiasi waziwazi. Hivyo rufaa inayosema "nimetubu" husomwa na kuwekwa kando. Inayosema "ripoti ilikuwa kwenye faili na jaji hakuigusa" husikilizwa.

Liko na la rumande. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka siku alizokaa mtu kizuizini kabla ya hukumu zihesabiwe katika kifungo chake, na mwaka 2018, katika kesi ya Abolfathi, Mahakama ya Rufaa ilisema haitoshi jaji kulitaja tu jambo hilo. Kesi ya mauaji huweza kukaa miaka kabla ya kuisha.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu ndani: ombi likikataliwa, usianze kwa kutafuta barua ya chifu wala ya mchungaji. Chukua nakala ya uamuzi, utafute jaji alichokiruka, na notisi ya rufaa iingie ndani ya siku 14.