Hati za Mwenendo katika Vyama vya Hisani vya Uingereza

Zamani katika nchi ya Uingereza, mtu aliyejitolea kufundisha watoto dini siku ya Jumapili, au kuwaongoza vijana makambini wakati wa likizo, hakuulizwa ila jina lake, kanisa lake na mtaa akaao. Na kama kasisi au mwalimu mwenye hadhi alimwandikia barua ya kumsifu, barua hiyo ilipokewa kwa taadhima, wala hakutokea mtu wa kuuliza kama mwandishi alimjua huyo amsifuye kwa miaka ishirini au kwa majuma mawili. Vyama vya hisani vilikuwa na haja kubwa ya watu wa kazi, na kumhoji aliyeleta nguvu zake bure kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Si kweli, hata hivyo, kwamba wakubwa wa vyama hawakuijua hatari. Chama cha Skauti, kilichotokana na kambi aliyoifanya Baden-Powell katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907 (naye ndiye yule aliyezikwa Nyeri, nchini Kenya), kiliwapa viongozi wake hati ya uongozi, na hati iliyotolewa iliweza kuondolewa. Wenzao wa Marekani walikwenda mbali zaidi: waliweka mafaili ya siri ya viongozi waliofukuzwa, wengi wao kwa kuwatenda watoto mambo ya aibu, na habari za mafaili hayo zilipata kuchapishwa katika New York Times tangu mwaka 1935. Lakini yaliyomo ndani yalikaa kabatini kwa miongo mingi, na mara nyingi wazazi na polisi hawakuambiwa neno, mpaka mahakama ya Oregon ilipoamuru yafunguliwe na maelfu ya kurasa zikatolewa hadharani mwaka 2012. Chama kilijilinda chenyewe kwanza. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na sioni namna ya kuilainisha.

Kisa kinachoonyesha vema upungufu wa desturi hiyo ni cha Thomas Hamilton wa Scotland. Mwaka 1973 alipewa uongozi katika Skauti, na mwaka uliofuata, baada ya wavulana aliowachukua safarini kulala ndani ya gari lake katika baridi kali, ilhali alidai kuwa amewapangia malazi, alinyang'anywa hati yake na jina lake likaandikwa katika orodha ya wasiotakiwa. Alijaribu kurudi, akakataliwa. Basi alifanya jambo ambalo hakuna orodha ya chama kimoja iwezayo kulizuia: alianzisha vilabu vyake mwenyewe vya wavulana, akakodi kumbi za shule, akawa hana mkubwa juu yake. Halmashauri ya jimbo ilipoingiwa na shaka ikamnyima kumbi, alipeleka malalamiko kwa mchunguzi wa malalamiko ya raia dhidi ya serikali za mitaa, naye akampa haki, kwa kuwa halmashauri ilitenda kwa tetesi bila kufuata utaratibu, kumbi akarudishiwa. Tarehe 13 Machi 1996 aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane akiwa na bastola alizozimiliki kwa kibali, akawaua watoto 16 na mwalimu wao, kisha akajiua. Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, pamoja na mambo ya silaha alipendekeza pawe na chombo cha taifa cha kuvithibitisha vilabu vya watoto na kuwapeleleza viongozi wake.

Tangu mwaka 1986 halmashauri za Uingereza ziliweza kuwauliza polisi habari za watu wanaoajiriwa kulea watoto, bali vyama vingi vya hisani havikuwa na mlango huo. Sheria ya Polisi ya mwaka 1997 ndiyo iliyoufungua, na Machi 2002 idara ya kumbukumbu za jinai ikaanza kazi mjini Liverpool, ikiwatolea wanaojitolea hati zao bila ada. Maombi yalirundikana hata shule kadhaa zikachelewa kufunguliwa Septemba ya mwaka huo. Agosti ya mwaka huohuo wasichana wawili waliuawa katika mji wa Soham na mtunza majengo wa shule ya sekondari, mwajiriwa na si mtu wa kujitolea, ambaye tuhuma nyingi juu yake zilikuwa zimewafikia polisi wa Humberside. Ila upekuzi wake ulifanywa kwa jina moja tu kati ya mawili aliyotumia, na tuhuma hazikumfuata alikohamia.

Ripoti ya Bichard ya mwaka 2004, iliyotokana na mauaji hayo, ilizaa sheria ya 2006, na sheria hiyo ikazaa mpango wa kuwaandikisha watu wapatao milioni 11. Hapo serikali ilivuka mpaka, nami nawaunga mkono waliolalamika, miongoni mwao mwandishi Philip Pullman, aliyesema mwaka 2009 kwamba afadhali aache kuzitembelea shule kuliko kuandikishwa kama mshukiwa. Mpango ulisimamishwa 2010, ukapunguzwa kwa sheria ya 2012, na Desemba mwaka huo idara ile ya kumbukumbu za jinai ikaunganishwa na nyingine kuwa moja, iitwayo DBS.

Hati ya daraja la juu itolewayo na idara hiyo haikomei kwenye hukumu za mahakama. Polisi waweza kuongeza habari wazionazo kuwa zahusika, na hilo ni fundisho la Soham. Haina tarehe ya kuisha, maana yasema yaliyojulikana siku ilipopigwa chapa na si zaidi. Na kwa sheria ya 2012, mtu wa kujitolea anayesimamiwa ipasavyo na mwingine kwa kawaida hatafutwi tena katika orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto, kwa hiyo makatibu wa vyama wamerudia kuomba barua mbili za wadhamini, ila siku hizi humpigia simu kila mwandishi na kumuuliza amemjua mtu huyo tangu lini.