Jongoo wa Bamburi

Desemba 2004, baada ya tsunami, watu wa Malindi walimwokoa mtoto wa kiboko aliyekwama baharini, si mbali na pale mto Sabaki unapomwaga maji. Urafiki wake na Mzee, yule kobe mkongwe, wengi tunaujua. Ila walikutania wapi? Haller Park, Mombasa, ndani ya machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji 1954. Malighafi yake kubwa ni mawe ya matumbawe, na jiwe likishatoka shimo linabaki: jeupe, kavu, halina udongo, na maji yaliyo chini yake yana chumvi. Ikaenda hivyo miaka 17. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kampuni hiyo hiyo, akaanza kazi ya kulifufua. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu, mvinje ukiwemo. Tatizo likawa majani: yalianguka yakarundikana bila kuoza. Dawa yake ikawa jongoo. Haller aliwaona wakiyatafuna, akaleta mamia, na kinyesi chao kikawa udongo. Hapo ndipo mimea mingine ikapata pa kuota.

Habari hii naipenda, lakini isitulevye. Msitu umefunika shimo. Moshi wa tanuri la saruji ni hesabu nyingine kabisa.

Halafu vuka Sabaki uelekee kaskazini, Gongoni mpaka Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi. Huko Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadharani, ripoti ikatoka 2006. Wakazi waliieleza tume habari za kufukuzwa mashambani, mikoko kukatwa na maji ya visima kuharibika. Wakati huo sheria ya mazingira ya 1999, inayodai tathmini kabla ya mradi, ilikuwa tayari ipo.

Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi, na kupanda miche siku ya kupigwa picha ndiyo kabisa. Haller alikuwa na mshahara, vibarua na miaka mingi. Kutunza ardhi kulikuwa kazi ndani ya kiwanda. Basi kiwanda kipya kikija Kilifi, tuwaulize wenyewe mapema: nani ameajiriwa kwa kazi hiyo, na anaanza lini? Jibu likiwa "tukishapata faida," tujue shimo litatangulia.