Chuo cha Peni za Wachimbaji

Tarehe 18 Oktoba 1884, wanafunzi 58 waliingia darasani kwa mara ya kwanza mjini Bangor, kaskazini mwa Wales. Madarasa yenyewe yalikuwa vyumba vya hoteli. Hoteli hiyo, Penrhyn Arms, ilijengwa kuwahudumia abiria wa magari ya farasi, waliokuwa wakitoka London kwenda bandari ya Holyhead kupanda meli za Ireland. Reli ilipofika mwaka 1848, wasafiri wakaanza kuupita mji bila kulala, na hoteli ikadoda. Chuo kichanga kisichokuwa na majengo kikaikodi.

Bangor ni mji mdogo mno kubeba historia uliyonayo. Mtakatifu Deiniol alianzisha utawa hapo yapata mwaka 525, miongo mingi kabla ya wamisionari kutoka Roma kutia mguu Canterbury, na kanisa kuu la leo lingali na jina lake. Wakazi hawafiki 20,000. Mbele yao ni mlangobahari wa Menai na kisiwa cha Anglesey. Nyuma yao milima inapanda hadi kilele cha Yr Wyddfa, mita 1,085. Katikati ya bahari na milima ndipo penye jambo lililoufanya mji uwe na chuo: sleti, jiwe la zambarau iliyokolea linalopasuliwa vipande vyembamba vya kuezekea nyumba.

Katika karne ya 19 sleti ya sehemu hizi iliezeka paa kuanzia Ulaya hadi Marekani. Wachimbaji wa Bethesda na Dinorwig walining'inia kwa kamba kwenye kuta za mashimo, wakitoboa na kulipua mwamba, huku wengine mabandani wakiupasua kwa patasi. Wengi wao walikuwa wasomaji wakubwa. Shule za Jumapili za makanisa yao ziliwafundisha watu wazima pamoja na watoto, na kwenye vibanda vya kulia chakula machimboni mijadala ya dini, siasa na ushairi ilikuwa kitu cha kila siku. Ilipopigwa mbiu ya kuanzisha chuo kikuu kaskazini mwa Wales, watu hawa walikubali kukatwa peni kadhaa katika ujira wao wa kila wiki. Wakulima nao wakachanga. Afrika Mashariki tungeiita harambee, na ilikuwa harambee ya watu ambao wengi wao walijua fika kwamba wao wenyewe hawatakaa darasani humo.

Kuna kinaya hapa kisichofaa kurukwa. Penrhyn Arms ilikuwa mali ya ukoo wa Penrhyn, wamiliki wa machimbo makubwa ya Bethesda, na mtaji wa awali wa ukoo huo ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa. Kwa hiyo mchimbaji aliyechangia chuo kwa mkono wa kulia alikuwa pia akisaidia kulipa kodi ya pango kwa tajiri yake. Novemba 1900 wachimbaji wapatao 2,800 wa Penrhyn waliacha kazi wakidai haki ya chama chao kutambuliwa. Mgomo ulidumu miaka mitatu, mmoja wa mirefu kuliko yote katika historia ya Uingereza. Kwenye madirisha ya Bethesda yalibandikwa matangazo ya Kiwelisi yaliyosema kwamba ndani ya nyumba hii hakuna msaliti. Wakashindwa, na kijiji kikabaki kimegawanyika kwa vizazi.

Maisha ya wanafunzi wa mwanzo yalikuwa ya kubanwa. Chuo kilipokea wanawake tangu siku ya kwanza, jambo ambalo vyuo vikongwe vya Oxford na Cambridge vilikuwa bado vinalichezea, lakini hofu ya jamii haikubaki nje ya geti. Wavulana na wasichana hawakuruhusiwa kutembea pamoja ovyo mjini. Mwaka 1892 mzozo kuhusu mwenendo wa msichana mmoja, na mamlaka ya mlezi wa bweni la wasichana, uliwagawa maprofesa na kufika magazetini, hadi bweni lenyewe likafungwa. Kwa pumzi ya uhuru palikuwa na gati la Garth, lililofunguliwa mwaka 1896 na kuingia baharini kiasi cha mita 450.

Mfalme Edward VII aliweka jiwe la msingi la jengo jipya juu ya kilima mwaka 1907, na mwanawe George V akalifungua mwaka 1911. Mnara wake ungali unaonekana kutoka karibu kila pembe ya mji, ukitazamana na kanisa kuu lililojikunyata bondeni.

Kate Roberts alikuwa mwanafunzi wakati jengo hilo linafunguliwa. Alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Rhosgadfan, binti wa mchimbaji sleti, akasoma Kiwelisi chini ya John Morris-Jones, msomi aliyefanya kazi kubwa ya kusanifisha tahajia ya lugha hiyo. Baadaye akawa mwandishi mkubwa wa nathari ya Kiwelisi wa karne ya 20. Riwaya yake ya mwaka 1936, Traed mewn Cyffion, ni ya familia ya wachimbaji inayojinyima ili watoto wasome. Mdogo wake alikufa mwaka 1917 kwa majeraha ya vita. Karibu na chuo liko lango la mawe lililofunguliwa mwaka 1923, na katika chumba chake cha juu yameandikwa majina ya maelfu ya vijana wa kaskazini mwa Wales ambao, kama yeye, hawakurudi.

Lililo la ajabu, ingawa msomaji wa Kiswahili huenda asishangae sana, ni kwamba chuo kilichochangiwa na watu waliozungumza Kiwelisi kilifundisha kwa Kiingereza. Hata somo la Kiwelisi lenyewe lilifundishwa kwa miaka mingi kwa Kiingereza.

Vita Kuu ya Pili iligeuza maisha ya mji. Idara za chuo kikuu cha London zilihamia Bangor, picha za Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya London zikafichwa katika ukumbi mkubwa wa chuo kabla ya kupelekwa ndani ya chimbo la sleti huko Manod mwaka 1941, na wachekeshaji wa redio ya BBC wakatangaza kutoka mjini humo.

Agosti 1967, wanafunzi wakiwa likizo, mabweni ya chuo cha ualimu cha Bangor yalipata wageni wasiotarajiwa. Wanamuziki wa The Beatles walishuka kwenye treni kumfuata mwalimu wa Kihindi, Maharishi Mahesh Yogi, kwenye semina yake ya kutafakari, wakalala kwenye vitanda vya wanafunzi. Huko huko, tarehe 27, ndiko walikopata habari kwamba meneja wao, Brian Epstein, amefariki. Semina iliishia hapo kwao.

Wakati huo mkuu wa chuo kikuu alikuwa Charles Evans, daktari wa upasuaji na mpanda milima. Mei 26, 1953, yeye na Tom Bourdillon walifika karibu mita 100 chini ya kilele cha Everest kabla ya kulazimika kurudi. Siku tatu baadaye Hillary na Tenzing wakamaliza kazi. Evans alishika ukuu Bangor mwaka 1958 na kukaa nao hadi 1984. Alikuwa msemaji wa Kiwelisi, na bado ni chini yake ndipo wanafunzi wa Kiwelisi walipovamia ofisi na kususia masomo katika miaka ya 1970, wakilalamika kwamba upanuzi wa chuo unawafanya wageni katika nchi yao. Hawakupata yote. Walipata bweni la Kiwelisi, lililopewa jina la John Morris-Jones mwaka 1974, na chama chao cha wanafunzi, UMCB, mwaka 1976.

Leo vibao vya chuo vina lugha mbili, na kozi kadhaa husomwa kwa Kiwelisi. Malalamiko ya mtaani ni mengine: nyumba za familia huko Bangor ya Juu zimegeuzwa vyumba vya kupangisha wanafunzi, na mitaa hupoa kila Juni wanapofunga virago. Machimbo ya Penrhyn bado yanatoa sleti, na tangu 2021 ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO. Tangu 2013 pia kuna waya wa kuteleza juu ya shimo la zamani, na wikendi miongoni mwa wanaolipa kuning'inia hapo wamo wanafunzi wa Bangor.